Bilulu Biko mu Chumba

Mjukuu wangu Jocelyne hakujua kusoma. Alirudia mwaka wa kwanza, akasukumwa mwaka wa pili kwa huruma, na huko wenzake wakampa jina la Kiti, kwa sababu, walisema, kiti nacho kinaingia masomo kila siku na hakijui kitu. Alikuwa mtoto wa binti yangu Odile, aliyekufa akizaa mtoto wa pili, na mtoto yule wa pili akamfuata mama yake. Baba wa Jocelyne, Lukusa, alikuwa Mukasai, mtu wa asili ya Kasai, fundi wa umeme wa kampuni ya migodi. Tulipotoka kuzika aliniletea mtoto na godoro lake.

"Mama Adolphine," akasema, "mi niko mwanaume peke yangu. Nitamulea namna gani?"

Nikampokea. Jocelyne akaniita Kambo, kama watoto wa huku wanavyomwita bibi, na mimi sikubaki na mwingine wa kuniita hivyo.

Tulikaa Dilala, mtaa wa Kolwezi, huku Katanga, katika nyumba ya kampuni aliyoniachia marehemu mume wangu. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaanguka. Mgodi uliporomoka chini kwa chini. Kampuni ikaanza kufa pole pole kama mgonjwa anayeona aibu ya kufa. Walimu hawakulipwa, chaki ikaisha, na kitabu cha kusomea kilibaki kimoja kwa darasa zima, hakina mwanzo wala mwisho. Mkubwa wa masomo yetu, yaani wa shule, alikuwa mwanamke, Mama Laurentine, mfupi, mwenye sauti ya kuita treni. Aliwakusanya wazazi uwanjani akasema:

"Bitabu bimekufa. Lakini bantu ya ufundi bangali banakula sombe na siye hapa Dilala. Nitabaingiza mu klasi, bafundishe batoto pamoja na balimu."

Akaanza na mzee mmoja wa Mutshatsha, mpiga likembe. Yule mzee aliwafundisha wa mwaka wa nne kuzidisha kwa saba juu ya vyuma vile vya likembe, na kwa majuma mazima ukipita nyuma ya nyumba unasikia wanawake wanatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa mapigo ya saba bila kujua. Halafu Mama Laurentine akamwita Tata Badibanga.

Tata Badibanga alikuwa mchoraji. Zamani aliichorea kampuni mbao za hatari, zile za kichwa cha mfu na mifupa miwili. Kampuni ilipoacha kununua mbao, akachora mamba-muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, kwa ajili ya kuta za salon za watu. Naye alikuwa Mukasai, ila alizaliwa Kolwezi hapa hapa; ni baba yake aliyeletwa na treni, kijana, kuja kuchimba. Siku alipotambulishwa kwa wazazi, jirani yangu Kalumba alisimama.

"Mama Laurentine, kwanza ulituletea bar na muziki yake. Sasa unatuletea muntu ya mamba-muntu. Kesho utaleta nani, muganga na nyoka yake?"

Watu wakacheka. Tata Badibanga naye akacheka, akajibu kwa upole:

"Tata Kalumba, ile mamba-muntu iko mu salon yako, batoto bako habajaiogopa hata siku moja. We njo ulirudia kwangu kuniomba nipunguze maziwa yake, juu ya mama alikuwa anasikia wivu."

Uwanja mzima ukalia kwa kicheko, na mke wa Kalumba ndiye aliyecheka kupita wote. Hivyo ndivyo alivyoingia masomoni.

Mimi niliuza mikate chini ya dirisha la mwaka wa pili. Dirisha halikuwa na kioo, kwa hiyo nilisikia yote. Siku ya kwanza Tata Badibanga hakuchora kitu. Alisimama mbele yao, mikono nyuma, akauliza:

"Nani anaogopa kilulu?"

Kilulu, huku kwetu, ni mdudu yeyote, awe wa kutambaa ao wa kuruka. Wakiwa wengi ni bilulu. Watoto wakapiga kelele kwamba hakuna anayeogopa kilulu, wao wanakamata panzi kwa mkono, wanakula kumbikumbi wazima wazima.

"Muzuri. Na nani anaogopa herufi?"

Nikaona mkono mmoja tu, mwembamba, na niliujua mkono ule maana niliuogesha asubuhi.

"Kiti!" mtoto mmoja akapiga kelele.

"Kiti gani? Simameni na tuone kama nyote hamujakaa juu yake," akasema Tata Badibanga. "Kuya hapa, mama."

Akamwita mama, mtoto mdogo vile, kama mwanaume mwenye adabu anavyomwita mwanamke yeyote. Jocelyne akaenda. Akampa kipande cha makaa, akamwambia herufi haziko, hazijawahi kuwako, wazungu walidanganya: ni bilulu tu waliokauka kwenye karatasi, na kazi ya msomaji ni kuwaamsha. Ile m ni chungu aliyesimama kwa miguu mitatu. Ile i ni kumbikumbi, kichwa kimemruka. Ile k ni panzi anayepiga teke. Na b na d, zile zilizomtesa mtoto wangu mpaka analia, ni kilulu kile kinachosukuma mpira wa mavi barabarani: b anao mpira mbele, anausukuma, d anao nyuma, anauvuta. Watoto waliposikia mavi yametajwa darasani walianguka chini kwa kicheko, na kilichoingia pamoja na kicheko kile hakikutoka tena. Mwalimu wao mwenyewe alikuwa anaandika mahali fulani, nadhani naye ili asisahau.

Walichora ukuta mzima wa darasa. Rangi aliitengeneza mwenyewe: makaa, udongo mwekundu, chokaa, unga wa lile jiwe la kijani wanalochonga mikufu, vyote akavishika kwa uji wa muhogo. Asubuhi mwalimu hakusema tena "tusome herufi." Alisema, "Tuamushe bilulu."

Mvua za mwaka ule hazijaisha, Jocelyne alinisomea mfuko wa unga. Akanisomea kiberiti. Jumapili tukaenda makaburini, akasimama mbele ya msalaba wa mama yake, akaweka kidole juu ya ile O.

"Yai," akasema. Akapeleka kidole mbele. "Huyu anavuta mpira. O-di-le. Kambo! Ni mama!"

Nililia pale. Nilifikiri: huyu hatabaki nyuma ya dunia. Huyu ataishi na mimi, ataniandikia, atanisomea Biblia macho yangu yakikufa. Sikuomba kitu kingine. Nyumbani karatasi haikuwako, basi Tata Badibanga akapita Jumapili zilizofuata, akamwachia rangi kidogo kwenye kopo, na mtoto akajaza ukuta wa chumba chake cha kulala.

Kisha neno likageuka.

Watu wakubwa walianza kusema kwenye mikutano kwamba Katanga ni ya Wakatanga, kwamba ukosefu wa kazi na njaa ni mkono wa Bakasai. Na Bakasai hawakuitwa tena Bakasai. Waliitwa bilulu. Bilulu vinavyokula shamba la watu. Bilulu vinavyozaana. Kilulu hakifukuzwi kwa maneno, walisema. Neno lile lilitoka kwenye mkutano likaingia kwenye redio, likatoka kwenye redio likaingia kwenye midomo ya vijana wa balabala yetu, wale niliowakata vitovu baadhi yao. Waliliandika kwa chokaa kwenye milango, ili wenyewe wajue ni nyumba ipi.

Lukusa alifukuzwa kazini, halafu akafukuzwa nyumbani kwake. Alipita kwangu akiwa na mfuko mmoja, akitaka kumchukua mtoto.

"Ku gare bantu banangoja treni, banalala inje mu mvua," nikamwambia. "Batoto banakufa kule, Lukusa. Unataka kunizikia na huyu?"

Alikaa, mikono kati ya magoti. Mwishoni akasema, "Mi nikifika Kasai, nitatuma muntu." Akambusu mtoto kichwani, akaenda. Muntu huyo sijamwona hata leo.

Masomo yakafungwa. Vijana waliingia darasani wakakuta ukuta ule. Wakadhani Bakasai wamechora ukoo wao humo ili kutangaza kwamba masomo ni yao. Wakaufyeka kwa majembe mpaka matofali yakaonekana. Mama Laurentine alisimama mlangoni akiwaambia ni alfabeti, ni alfabeti, bana bangu, ni a, ni b. Mmoja akamwambia, "Mama, tunajua kusoma. Juu yake kuko kilulu." Mama Laurentine hakusimama tena pale. Alirudi kwa ndugu zake Kasaji.

Asubuhi moja Tata Badibanga aliingia kwangu akipita kwenye ua wa nyuma. Nyumba yake ilikuwa imeporwa. Alibeba brashi zake tu, amezifunga katika kitambaa kama mtoto mchanga. Mimi ni Muluba wa huku Katanga, wa kaskazini. Kwangu hawakuwa na sababu ya kuandika mlangoni. Nikamweka katika chumba cha Jocelyne, mtoto akalala na mimi. Nikamfundisha mtoto: usitaje jina la Tata Badibanga kwa mtu, hata kwa rafiki, hata kwa mtu akikupa mukate. Akaapa. Alikuwa mtoto wa kushika kiapo.

Lakini maana mpya ya lile neno hatukumwambia. Sikumwacha atoke balabalani tena, na redio nilimpa jirani. Siku moja vijana wakapita kwa wingi wakiimba, "Bilulu, bilulu, murudie kwenu." Jocelyne akakimbia toka chumbani, uso unang'aa.

"Kambo! Sikia! Banaimba masomo yetu!"

Akaanza kucheza pale katikati ya nyumba, akipiga makofi, akiwaitikia. Nilimtazama Tata Badibanga. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia, na uso wake ulikuwa kama ule wa kwenye mbao zake za hatari.

Mtoto alipolala mchana nikamwambia, "Tata, tumwambie."

"Mama, nakuomba, hapana."

"Atasikia kwa wengine."

"Mi njo nilimupa lile neno. Alikuwa hana kitu, mi nikamupa lile, akaamuka. Sasa niende nimuambie, mama, kilulu ni weye? Kilulu ni baba yako?" Akafuta macho kwa kitambaa cha brashi, rangi ya kijani ikabaki shavuni. "Ngoja. Hii bantu batachoka. Acha abakie nayo bado kidogo."

Nikangoja. Nani angependa kuwa wa kumwambia?

Wakaja mchana, jua kali, baada ya mvua. Mbele alikuwa Dady, mtoto wa kwanza wa Kalumba. Dady amekula bukari, ugali wetu, kwangu tangu hana meno. Nyuma yake vijana wengine, sikuwajua wote, na mapanga. Nilikuwa mlangoni nachambua sombe, na sikusimama.

"Mama Adolphine, mwaramuka."

"Mwaramuka, mutoto wangu. Baba yako hajambo?"

"Eko tu." Alitazama chini. Alikuwa na aibu kidogo bado, niliiona, nikaitegemea. "Mama, tunapita nyumba kwa nyumba. Siyo juu yako. Tunauliza tu. Humu hamuna bilulu?"

"Bilulu gani, Dady? Humu muko mi na mujukuu. Hamuna bilulu humu."

"Sawa, mama. Kama ni weye unasema."

Aligeuka. Naapa alikuwa amegeuka. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari umeshuka ngazi. Ndipo nikasikia miguu midogo nyuma yangu.

"Kambo, unasahau! Biko!"

Jocelyne alikuwa amesimama pale, mkono mmoja mweusi kwa makaa. Alinitazama kwa kunionea huruma, kama vile mtoto anavyomtazama mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu.

"Bilulu biko mu chumba," akamwambia Dady. "Mingi! Munataka kuona? Kuyeni, kuyeni, nitabaamusha."

Nikajaribu kucheka. Nikasema, ni michoro, Dady, ni mambo ya masomo, unajua batoto. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kumshika Dady mkono, anamvuta ndani kwa nguvu zake zote, na wale wengine wakaingia nyuma yao wakinikanyagia sombe. Alifungua pazia mwenyewe. Tata Badibanga alikuwa ameketi juu ya godoro, brashi mapajani, na nyuma yake, toka chini mpaka juu, ukuta mzima wa chungu, panzi, kumbikumbi, nyekundu na kijani na nyeusi. Mtoto hakutaja jina lake. Alishika kiapo. Alionyesha tu ukuta kwa kidole, akaanza, kwa sauti ile ya darasani: "Huyu anasukuma, huyu anavuta..."

Vijana wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Na Jocelyne, akiona wanacheka kama walivyocheka wenzake siku ile ya kwanza, akacheka pamoja nao.

Hawakumpiga sana Tata Badibanga. Walivunja brashi. Dady akaniambia, bila aibu tena sasa, "Mama Adolphine, hata mutoto anakupita kusema kweli." Halafu akamtazama Jocelyne kama vile anamwona leo.

"Na huyu? Baba yake si Lukusa wa umeme?"

"Huyu ni wa Odile. Odile alikubeba mugongoni, Dady."

"Odile alikuwa mwanamuke, mama. Mutoto ni ya baba. Kwetu njo vile, ao si vile?"

Ndivyo ilivyo kwetu. Nimeisema mwenyewe sheria hiyo kwenye mahari za watu, nimekaa kwenye mkeka nikiisema kwa sauti, na watu wakanipigia makofi.

Gare ya Kolwezi siku zile haikuwa gare. Ilikuwa mji mwingine, mji wa milango iliyong'olewa, makabati, vyungu, watu wamejenga vibanda kwa vitanda vyao. Vijana waliwapeleka wote wawili huko; niliwafuata, nikalala nao chini. Kila siku walisema treni iko Likasi, treni inakuja. Kila siku walibeba watoto kwenda kuzika nyuma ya reli. Tata Badibanga alitafuta kipande cha makaa jikoni kwa watu, akampa Jocelyne, na kumwonyesha ukuta mweupe wa ghala. Siku za kwanza alichora. Watoto wengine walimzunguka, akawa mwalimu.

Lakini gareni neno lile lilikuwa chakula. Polisi walilisema, wauza maji walilisema. Wenyewe waliofukuzwa walilisema wakicheka kicheko kibaya: "Siye bilulu, batupe maji ya nini?" Mwanamke mmoja aliyekuwa anamfunga mtoto wake sanda alilisema kwa kunong'ona. Nilimwona Jocelyne anawatazama watu mmoja mmoja, midomo inatembea, kama alipokuwa anaunganisha herufi. Mtoto yule nilimfahamu: neno akilishika kichwa, halali mpaka amefika mkia.

Jioni ile Tata Badibanga alimpa makaa, mtoto akakunja vidole vyake. Hakuyachukua. Hakuyachukua tena.

Treni ilikuja ikiwa mabehewa ya kubebea madini, wazi juu. Nilitaka kupanda. Waliokuwa wanapandisha watu waliniuliza kijiji, nikasema Manono, wakanisukuma nyuma: treni haichukui Wakatanga, mama, weye uko kwenu. Nilimnyanyua Jocelyne, Tata Badibanga akampokea toka juu. Niliwapa unga na blanketi. Alisema, "Mama, mi nitamutafuta Lukusa. Nitamutafuta mpaka nimupate." Nikamwamini, maana nilihitaji kumwamini.

Mtoto aliegemea ukingo wa behewa. Hakulia. Alinitazama vile vile alivyonitazama mlangoni, kwa huruma, kama mtu anayemwachia mzee maagizo.

"Kambo."

"Niko hapa, mama."

"Bakirudia kukuuliza, sema hamuna. Sasa itakuwa kweli."

Treni ilienda. Wanawake walioachwa walikimbia nayo mpaka mwisho wa changarawe. Mimi sikukimbia. Nilisimama nikitafuta neno la kumjibu, na mpaka leo ninalitafuta.

Walisema wengi walikufa kabla ya Kamina. Wengine walisema wengi walifika. Nimewauliza wafanyabiashara wanaotoka Mwene-Ditu kama wanamjua mchoraji wa jina hilo, kama wamesikia juu ya msichana aitwaye Jocelyne wa Lukusa. Wananiambia Kasai ni kubwa, kambo.

Ukuta wa chumba sikuupaka chokaa. Lakini rangi ile ilishikwa na uji wa muhogo, na mende wanaupenda. Wanakuja toka kwenye nyufa, wanakula. Walianza na mkia wa k, wakamaliza chungu wote. Sasa ile O tu ndiyo inajulikana, na mpira wa d. Dady alipita mwaka jana, ana watoto sasa, akataka kupanga chumba kile kwangu. Aliingia akatazama, akaniuliza kama muna bilulu humu, maana anaona ukuta umeliwa.

Nikamwambia, hamuna.